Mayai Mawili Kwenye Kokoto

Jua lilikuwa limeshazama, na vumbi la kiwanja cha kokoto lilikuwa halijatulia, tipa la shemeji yake lilipoingia langoni na kuanza kurudi nyuma kuelekea kona ya ukuta. Kona ileile! Mama mnyunyizaji, aliyekuwa akituliza vumbi, aliutupa mpira wa maji, ukabaki ukijinyonganyonga chini kama nyoka aliyekanyagwa, akatoka mbio.

"Simama! We shemeji, simama!"

Breki zikalia. Shemeji mtu, mdogo wa mumewe, akachungulia dirishani. "Unataka nikuvunje miguu, kaka aje aniulize?"

"Hapo hapamwagwi kitu. Pana mayai ya kirukanjia, yule ndege wa usiku. Nilimwambia msimamizi tangu Jumatatu, akakubali kona iachwe mpaka yaanguliwe."

Shemeji akatazama kokoto, akatazama tena, akacheka. "Mimi naona mawe. Huyo wako anayeruka jioni ni popo. Na popo hatagi, shemeji. Huko shule ya jioni unakosoma hamjafika hapo?"

Damu ilimpanda kichwani. Siku nne alikuwa amemtazama ndege yule mpaka shingo ikamuuma. Popo hupapatika kama kitambaa kilichoponyoka kambani. Huyu ana mkia mrefu na mabawa yaliyochongoka, kila moja na baka lake jeupe, tena huruka kimya. Mdomo wake ukiwa umefungwa hauonekani, lakini ukifunuka ni mpana kama pochi, na nondo wa taa ya lango huingia humo mzimamzima. Mchana hulalia mayai yake pale chini, bila kiota, bila hata unyasi mmoja, rangi yake jani kavu na vumbi. Siku ya kwanza alipomkaribia na maji alidhani jani limeruka. Na yeye, aliyemlea mwanawe kwenye chumba ambacho mlango wake haufungiki, alimwelewa.

"Shuka uone," alisema, meno yamekazana.

Shemeji akashuka. Hatua ya tatu tu, ardhi ikainuka miguuni pake. Ndege aliruka kidogo, akaanguka, bawa moja likiburuta.

"Maskini, amevunjika bawa!" Shemeji akamfuata ameinama, mikono mbele. Ndege akajivuta kidogo. Shemeji naye akasogea. Ndege akajivuta tena, huyo, mpaka karibu na lango. Hakuna kilichovunjika, ndivyo kirukanjia anavyomtoa adui kwenye mayai. Mama alilijua hilo, akamwacha afuate. Alipanda kwenye tipa, akazima injini, akachomoa ufunguo.

Ndege akapaa, mzima kabisa. Shemeji akabaki kakumbatia hewa.

"Lete ufunguo."

"Sileti."

"Mimi ndiye niliyekutafutia kazi hapa!"

"Na kila siku unanikumbusha! Ningejua, ningelala njaa."

Kelele zikamleta msimamizi, filimbi shingoni.

"Uliniahidi," mama alimgeukia.

"Niliahidi. Nikakwambia weka alama."

"Si nimeweka! Mawe manne nimeyapaka chokaa, hayo hapo. Kipofu gani asiyeyaona?"

"Nimeyaona!" shemeji akafoka. "Ndiyo maana nimekuja! Mawe meupe manne, mwaga katikati. Nani hapa hajui?"

Msimamizi alishika kichwa. "Mama, kwetu chokaa ni alama ya kumwaga. Pasipomwagwa tunaweka tairi."

Wiki tatu kazini, na hakuna aliyemwambia. Mkono wake mwenyewe ndio ulioliita tipa. Aibu, badala ya kumpoza, ilimwagia moto mafuta.

"Na wewe uliyapita mawe hayo siku nne, hukusema?"

Msimamizi akayatazama yale mawe. "Sikuangalia," akakiri.

"Hukuangalia! Kupiga filimbi mnaweza, kupiga kelele mnaweza, kuangalia ndiko kumewashinda!"

Aliyang'oa mawe, akayavurumisha ukutani moja baada ya jingine. Kisha akaviringisha tairi kuukuu, akaliangusha kando ya mayai, akihema.

"Haya, yameisha," shemeji alisema, sauti imeshuka. "Nitamwaga upande wa lango. Nipe ufunguo."

"Ukiwasha tipa sasa hivi ndege harudi, na mayai yatapoa. Mtasubiri."

"Tumsubiri ndege?"

"Mimi mmenisubirisha mangapi?"

Wakasubiri. Wanaume wawili waliegemea tipa kama watoto waliotolewa darasani, naye kasimama mbele yao, ufunguo ukimchoma kiganjani. Giza lilianza kuingia kwenye kona. Kivuli kikapita juu ya ukuta, kikazunguka, kikashuka bila sauti, na kokoto zikawa kokoto tena.

"Yuko wapi?" msimamizi alinong'ona, kakodoa macho.

"Hapohapo unapotazama," mama alisema, akamtupia shemeji ufunguo kwa nguvu hata ukamgonga kifuani.