Wapya wa Chumba cha Kufulia

Kwa miaka tisa nimekuwa mfanyakazi mpya. Usicheke. Kila miezi mitatu ikiisha, siku ya Ijumaa, msimamizi wa chumba cha kufulia hapa hotelini hutunyang'anya vitambulisho na kutuambia mkataba umekwisha, asanteni. Jumatatu tunarudi na barua za kuomba kazi, tunapanga foleni mlango wa nyuma, naye anatuuliza kwa uso mkavu, "Umewahi kufanya kazi kama hii?" Tunajibu hapana, maana ukijibu ndiyo huchukuliwi, na mshahara unaanza tena pale pale chini.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ndiye aliyeniingiza humo. Yeye ni mpya wa miaka kumi na moja. Sufuria ya nyumbani tunaijaza sisi wawili, na hilo ndilo lililotufunga midomo.

Jumatatu ile msimamizi alinipa fomu ya mafunzo. Kwenye nafasi ya mwanafunzi aliandika jina langu. Kwenye nafasi ya mwalimu, jina langu vilevile.

"Tia sahihi mara mbili," akasema, wala hakuona haya.

"Nani atanifundisha?" nikauliza.

"Acha mzaha wewe. Si unaijua kazi?"

"Hapo juu umeandika siijui."

Nikaketi kwenye benchi, mikono mapajani. Wifi akaninong'oneza, "Wifi, utatuponza! Una akili kweli?"

"Ninazo. Tena leo nimekuja nazo zote."

Akaguna, akanisonya, akaketi ubavuni kwangu. Mmoja mmoja wenzetu wakafuata, mpaka sote kumi na wanane tukawa tumekaa.

Kufikia saa nne mashuka yalikuwa mlima, na huko juu vitanda vilikuwa vitupu. Meneja akashuka mwenyewe na tai yake, akasema hii si kazi ya ajabu. Akabonyeza kitufe cha mashine kubwa ya kupigia pasi. Kimya. Akabonyeza tena. Mashine ile haiwaki mpaka uisukume ubavuni kwa goti huku umeushikilia mpini wa mvuke. Alitufundisha Shangazi, mama mzee aliyeipigia pasi hoteli hii hadi mgongo ukapinda, kisha akaondoka mwaka juzi bila kiinua mgongo, kwa kuwa alikuwa mpya.

"Nani anajua kuiwasha?" meneja akauliza.

Wifi, muoga yule, akasimama. Nilidhani anakwenda kuiwasha, moyo ukanishuka.

"Bosi, anayejua hiyo ni mtu wa miaka mingi," akasema. "Tazama kwenye makaratasi yako kama unaye."

Meneja akamgeukia msimamizi. Msimamizi akapekua fomu zake: wote wapya.

Simu ya ghorofani ililia mara tatu kabla meneja hajavuta kiti. Akaandika mikataba ya kudumu kwa mkono wake, kila mmoja na tarehe yake halisi ya kuanza, na mshahara wa miaka hiyo. Wifi akatia sahihi, mara moja tu. Mimi pia. Tulipofika wa kumi na nane, meneja akafunika kalamu.

"Haya, iwasheni."

Wifi alikuwa ameshaushika mpini. Akauachia, akarudi kuketi.

"Bado karatasi moja," akasema. "Ya Shangazi."

Nasi sote tukaketi tena.

Meneja akaifunua kalamu.