Taa ya Jikoni Iliyoitika

Mimi ni king'ang'anizi. Kitu kikinishinda kukielewa, hata chakula hakishuki. Kwa hiyo taa yangu ya jikoni ilipoanza vituko mwezi wa Novemba, niliona ni ugomvi kati yangu nayo.

Kazi yangu wakati huo, mwaka 1996, ilikuwa kubuni bangili ya kompyuta. Unaivaa mkononi, ina skrini ndogo kama stempu na kitufe kimoja pembeni, na nyumba nzima inakutii: taa, mapazia, joto. Mji mzima wa Pittsburgh ulituona vichaa, na bosi wangu Phyllis Tarr alikuwa njiani kukubaliana nao. Kila kikao alinirudia na swali lilelile.

"Marlene, swichi iko ukutani, hatua tatu kutoka hapa. Mimi nivae hili dude la nini?"

Nilikuwa na orodha za amri, orodha ndani ya orodha, na hakuna aliyezitaka. Ijumaa angekuja kwangu na wakubwa wawili kuijaribu bangili, maana ofisini hakukuwa na jiko wala mapazia. Nikishindwa kumjibu, bangili ingeingia kabatini pamoja na vifaa vingine vilivyokwisha kufa humo.

Na taa nayo ikaamua kunitia aibu mapema. Kila jioni nikirudi kutoka kazini, kwenye saa kumi na moja na nusu, nilibonyeza kitufe mara mbili kuijaribu. Taa ikapepesa mara mbili, vizuri. Halafu, kama dakika moja baadaye, ikapepesa mara moja. Yenyewe! Kompyuta iliyokuwa chini ya ngazi ilisikiliza nyaya za umeme na kuandika kila amri, na humo ilikuwepo, wazi kabisa: taa ya kwanza, mara moja. Amri hiyo sikuitoa mimi.

Niliiandika programu upya mara tatu. Nikabadilisha balbu. Jumapili sikubonyeza kitu, na taa ikatulia siku nzima. Jumatatu nilijifanya mgonjwa nikabaki nyumbani kuichunguza. Nilipobonyeza mara tatu, kimya. Mara moja, kimya. Mara mbili, na baada ya dakika, hiyo hapo, pep. Nilikaa chini sakafuni. Hitilafu ya programu haijui kuhesabu wito. Kulikuwa na mtu.

Hapo ndipo nilipokumbuka herufi. Vile vidude tunavyochomeka kwenye soketi vina kigurudumu chenye herufi, A hadi P, kwa sababu amri husafiri ndani ya nyaya zilezile za umeme, na nyumba zinazotumia transfoma moja husikiana. Kiwandani vyote hutoka vikiwa kwenye A. Mimi niliyewaandikia wateja maelekezo ya kubadilisha herufi, ukurasa wa pili, kwa wino mzito, nilikuwa kwenye A. Ningemkuta mteja kafanya hivyo ningemcheka mpaka machozi.

Jumatano niliwahi kurudi, nikasimama kwenye ngazi za nyuma, nikabonyeza mara mbili huku nikitazama nyumba za mteremkoni. Kwenye gereji ya Mzee Chester Wolanski, kitaa kidogo dirishani kikapepesa mara mbili. Nikasubiri. Kikapepesa mara moja, na nyuma yangu taa ya jikoni nayo ikapepesa.

Mzee huyo alikuwa fundi mstaafu wa nguzo za umeme, na mkewe Irena alikuwa amefariki mwezi wa Aprili. Tulizoea kusalimiana juu ya theluji tu. Niliteremka nikamkuta gerejini anagongea mguu wa kiti chake kibovu, kile anachowekaga barabarani ili mtu asimwibie nafasi ya gari aliyoifyeka theluji kwa koleo. Alinisogezea debe nikae, akanieleza bila kuzunguka. Irena alichoka kupiga kelele mpaka gereji, kwa hiyo mzee akafunga vile vidude. Irena akipepesa mara mbili, chakula tayari. Yeye akijibu mara moja, nakuja. Tangu Aprili taa ilinyamaza, naye alikuwa akisahau kula mpaka suruali ikamvuka. Kisha Novemba taa ikapepesa mara mbili.

Nilimuuliza kama hakuogopa. Alinitazama kama mtoto aliyeuliza upuuzi.

"Binti, nimepanda nguzo za umeme miaka thelathini na nane. Siku ya kwanza tu nilijua ni wewe. Irena hakuwahi kuita baada ya saa kumi na moja."

"Sasa mbona unajibu?"

"Nimeitwa chakula, nisiitike?"

Kisha huingia ndani, akafungua kopo la supu, akala. Ndivyo alivyosema. Akaniambia nibadilishe herufi yangu, nisiharibu kazi kwa ajili yake, na saa anayo mkononi.

Alhamisi nikazungusha vigurudumu vyote mpaka K. Taa ikawa na adabu, kumbukumbu za kompyuta zikawa safi. Saa kumi na moja na nusu nikabonyeza, kisha nikaenda dirishani. Gereji ilikuwa na mwanga, jiko la mzee giza. Saa kumi na mbili, vilevile. Saa moja, vilevile. Nilimkasirikia kweli, si anayo saa mkononi? Kisha nikajikasirikia mwenyewe. Nilikula nimesimama, na chakula hakikushuka.

Ijumaa asubuhi nilirudisha vyote kwenye A, nikambandikia mzee kikaratasi mlangoni: leo ukiitwa, njoo kwangu. Kama alikisoma, sikujua. Nikapika haluski, tambi na kabichi, sufuria kubwa.

Phyllis na wakubwa walifika na makoti yao, wakakataa kukaa. Niliwaonyesha mapazia, nikawaonyesha joto. Mmoja akapiga mwayo. Phyllis akafungua mdomo, nikajua swali linakuja, nikabonyeza mara mbili kabla hajalitoa. Taa ikapepesa mara mbili.

"Ndiyo hiyo tu?" akauliza.

Nikawaomba wasubiri. Dakika moja ni ndefu sana watu wakiwa wamevaa makoti. Mkubwa mmoja alianza kutafuta funguo zake, nami hapo nilikuwa nimesahau bangili kabisa. Nilichotaka kujua ni kama yule mzee yuko salama.

Taa ikapepesa mara moja.

Phyllis aliutazama mkono wangu, uliokuwa juu ya meza, kisha akaitazama swichi ukutani, ambayo hakuna aliyeigusa.

"Nani amefanya hivyo?"

"Jirani," nikasema. "Anasema anakuja kula."

Phyllis alivua koti, akanyoosha mkono, akaniomba bangili, akaivaa mwenyewe na kuuliza kitufe chenyewe ni kipi. Nilikuwa bado namwonyesha tuliposikia buti kwenye ngazi za nyuma. Mzee Wolanski aliingia amebeba kile kiti chake, mguu umeshapona, akakiweka kando ya meza na kuvua kofia.

"Leo umechelewa dakika nne," akaniambia.

Nikampakulia.