Rambirambi za Dwight

Verna Sizemore aliendesha basi la shule, na katika bonde lote la Pruitt Fork, Kentucky, hapakuwa na mlango asioujua. Ndiyo maana binti yake Tessa alipopiga simu kutoka Lexington kusema kwamba wiki hiyo mtu wa serikali kuu angepita mtaani kuulizia habari zake, Verna hakupoteza muda. Alianza kupanga watu.

"Atauliza nini hasa?"

"Kila kitu, mama. Kama nalipa madeni, kama nakunywa, kama nilikuwa mtoto mkorofi. Ukitaka kuwa mpelelezi wa dawa za kulevya wanakuchambua kama mchele. Wewe sema kweli tu, basi."

"Kwani mimi mwongo?"

"Mama."

"Nimesikia."

Kusikia alisikia. Kutii ni jambo jingine. Tessa alikuwa mhasibu wa hospitali, na sasa alitaka kujiunga na wale wanaowasaka madaktari wanaouza vidonge kwa kisingizio cha tiba. Mtihani wa kuandika alishaufaulu, mbio alizikimbia, madaktari walimpima mpaka meno. Kilichobaki ni huyu mtu wa kuulizauliza. Akirudi na habari mbaya, kazi imeota mbawa. Na Verna aliijua habari mbaya ilivyo. Ilikuwa ndefu kuliko mlango wa jikoni, ililala chumba cha nyuma, na jina lake Dwight.

Dwight, kaka yake Tessa, aliumia mgongo mgodini. Daktari wa mjini akampa vidonge, akamwongezea, akamwongezea tena, mpaka vidonge vikawa ndivyo vinavyomtuma. Aliuza televisheni ya mama yake. Aliuza bunduki ya marehemu baba yake. Akalala jela ya wilaya. Lakini hayo yalikuwa zamani; sasa kila asubuhi alikwenda kliniki kunywa dawa ya kumwachisha vidonge mbele ya muuguzi, akarudi kutengeneza mashine za kukatia nyasi bandani. Ndani ya nyumba Verna alijivunia mwanawe. Nje ya nyumba alikuwa hajafika hapo bado.

Nani angempa kazi ya kukamata wauza vidonge msichana mwenye kaka kama huyo? Verna hakumwuliza Tessa. Hakuwa mtu wa kuuliza jambo analodhani analijua.

Alikwenda nyumba ya pili kwa Opal Combs, mjane aliyemjua tangu wote wawili wakiwa na meno ya utotoni.

"Kuna mtu atakuja kumwulizia Tessa," alisema. "Msifie upendavyo. Dwight usimtaje."

"Na akinibana?"

"Hakuna Dwight. Funika kombe, mwanaharamu apite."

"Niachie mimi, mwenzangu. Hao watu wa viatu vinavyong'aa nimeanza kuwazungusha kabla hujaolewa."

Pruitt Fork hapakuwa na aliyehitaji kufundishwa mambo hayo. Mgeni mwenye gari safi anayemwulizia jirani yako ni mdai, au polisi, au wakili wa kampuni ya makaa, na jibu lake tangu enzi za mababu ni moja: simjui. Kumdanganyia jirani kulihesabiwa kuwa adabu, sawa na kupeleka chungu cha chakula nyumba yenye msiba.

Siku ya mgeni ilipofika, Verna alimwambia Dwight akae chumbani mpaka mtu huyo aondoke.

Dwight alikuwa na kikombe cha kahawa mkononi. "Mimi mtu mzima, mama."

"Si muda mrefu. Kwa ajili ya Tessa."

"Tessa ndiye kasema?"

"Mimi ndiye nimesema."

Akamtazama, kisha akaingia na kikombe chake, akafunga mlango polepole. Afadhali angeubamiza. Lakini sakafu ilikuwa bado haijapigwa deki, na Verna akaishika kazi.

Mgeni aliitwa Haskell, polisi mstaafu mnene, mwenye magoti yaliyolia alipokaa. Alijifuta viatu mlangoni bila kuambiwa. Aliuliza habari za Tessa, na Verna akajibu vizuri, maana hapo hapakuwa na la kuficha. Msichana hakuwahi hata kuiba tufaha la jirani, Verna alisema. Haskell akatabasamu, akaandika. Halafu akavua miwani.

"Kabla sijaendelea, Bi Sizemore, nikupe pole. Jirani yako ameniambia habari za kijana wako, Dwight. Sikujua kuwa amefariki. Hivi vidonge vimetumalizia watoto."

Kumbe Opal, kwa bidii ya ujirani, alikuwa amemwua Dwight.

Nyuma ya ukuta kitanda kililia mara moja, kikanyamaza.

Nafasi ilikuwepo. Angeweza kucheka, akasema Opal amechanganyikiwa, akaenda kugonga mlango ule. Aliuona mlango wa kazi ya Tessa ukifungwa. Na aliona kitu kingine, ambacho hakuja kumwambia hata mchungaji wake: kwamba mwana aliyekufa ni mwepesi kumbeba. Watu wanamhurumia. Hakuna anayeuliza anafanya nini siku hizi.

"Asante," Verna alisema. "Ni mapenzi ya Mungu."

"Ilikuwa lini?"

"Majira ya baridi yaliyopita."

Haskell akaandika. Akamaliza kahawa yake, akashukuru, akaenda zake.

Gari lilipopotea kwenye kona, mlango wa chumba cha nyuma ukafunguka. Dwight alikwenda kwenye sinki, akaosha kikombe chake, akakifuta.

"Nilikufa na nini, mama?"

"Dwight, nisikilize..."

"Hapana, nauliza tu, ili watu wakiniuliza niwe na jibu. Vidonge, au mgodi? Mimi ningependa mgodi. Una heshima kidogo."

"Opal ndiye aliyesema, si mimi!"

"Opal kaniua," alisema Dwight. "Wewe umenizika."

Akatoka kwenda bandani. Verna alimfuata mpaka mlangoni. Alikuwa bado amesimama palepale simu ilipolia.

"Dwight yuko wapi?" Tessa hakusalimu.

"Yupo bandani."

"Anapumua?"

Verna akavuta kiti, akakaa.

"Kwa sababu Bwana Haskell amenipigia sasa hivi, mama, sauti baridi kama chuma. Ananiuliza kwa nini nilimwambia kaka yangu anaishi nyumbani, na kwamba nakula naye kila nikija, wakati mama mzazi anasema alishazikwa. Nilimweleza habari za Dwight siku ya kwanza kabisa! Niliulizwa kwa nini nataka kazi hii, nikasema: kaka yangu. Unadhani wanamkataa mtu kwa kuwa na ndugu aliyenaswa na vidonge? Wangempata nani? Nchi nzima ina ndugu kama hao. Wanamkataa mwongo. Sasa mwongo ni mimi."

"Nilitaka kukusaidia, mwanangu."

"Ulimwonea aibu."

Verna alichungulia dirishani kuelekea bandani.

"Bwana Haskell anakula kwenye mgahawa wa Hobart, mjini, kabla ya kuondoka," Tessa alisema. "Akiondoka hivi, nimekwisha." Akakata.

Bandani Dwight alikuwa ameipindua mashine ya kukatia nyasi, anakwangua matope kwenye visu. Verna alisimama mlangoni. Jua lilimpiga mgongoni na alijiona kama mtu aliyekuja kukopa.

"Nataka twende wote mjini. Ukaonane na yule bwana."

"Maiti haziendi mjini."

"Dwight, usinifanyie hivyo."

"Mimi ndiye nakufanyia?"

Akamweleza aliyosema Tessa, yote, pamoja na lile neno la aibu. Hilo lilimtoka kwa shida, kama mwiba wa samaki kooni. Dwight alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Nakuja kwa ajili ya Tessa," alisema. "Sikia vizuri, mama. Kwa ajili ya Tessa."

Verna akaendesha mpaka mjini.

Haskell alikuwa mezani mbele ya sahani ya maharage na mkate wa mahindi. Alimwona Verna, kisha akamwona aliye nyuma yake, akampima tangu viatu mpaka kofia. Akaweka kijiko chini.

"Nadhani wewe ndiye marehemu."

"Ndiyo, bwana," Dwight akavua kofia. "Samahani kwa usumbufu." Akatoa leseni yake ya udereva, akaiweka kando ya sahani.

Haskell aliisoma, akamrudishia. Hakucheka. Alimgeukia Verna.

"Mama, majirani wa milima hii wananidanganya kila nikija. Nimezoea, yule bibi wa nyumba ya pili hata machozi alitoa. Lakini mzazi? Nilikupa pole, ukapokea."

Kwenye meza za jirani vijiko vilikuwa vimepunguza mwendo. Karibu kila aliyekuwa mle, Verna alishawahi kumpeleka mtoto wake shule.

"Ilikuwa rahisi," alisema.

"Nini kilikuwa rahisi?"

"Kupokea pole. Kuliko kukwambia yuko nyuma ya ule mlango, na mimi ndiye niliyemweka." Uso ulimwaka mpaka masikio. Hakuthubutu kumtazama Dwight, aliyekuwa amesimama karibu kiasi cha kusikia harufu ya petroli kwenye shati lake.

Haskell akasogeza sahani kando. "Kakae kule kaunta. Huyu nitaongea naye peke yake."

Akaenda. Mhudumu, mama wa watoto wawili wa basi lake, akamimina kahawa. "Dwight kapata kazi?"

"Anamsaidia mdogo wake."

Kule mezani Dwight aliongea. Alianza taratibu, macho mezani, kisha mikono ikaanza kutembea, kama alivyofanya akieleza injini. Haskell aliuliza, akajibiwa, akauliza tena. Mara moja Dwight alishika mgongo wake, akaonyesha mahali. Verna alijaribu kukumbuka lini alimwona mwanawe akizungumza kwa kirefu namna ile. Hakukumbuka. Hakuwa amemwuliza kitu chochote chenye jibu refu.

Haskell alipokuja kaunta alikuwa ameshavaa koti.

"Nitaandika kwamba binti yako alisema kweli tangu mwanzo, na kwamba kaka yake nimemwona kwa macho yangu. Na wewe nitakuandika hivyohivyo ilivyotokea. Wakubwa wake watasoma. Hilo siwezi kulifuta."

"Usifute," Verna alisema. "Atapata kazi?"

"Mimi si mwamuzi. Lakini uongo wako hautaandikwa kwa jina lake. Hilo ndilo ninaloweza."

Walirudi nyumbani. Opal alikuwa barazani kwake, na alipoliona gari akainuka akipunga mkono kwa nguvu zote. Verna akasimamisha, maana bondeni humpiti mtu anayekupungia.

"Vipi, kaondoka?" Opal akapaza sauti. Halafu akamwona Dwight. "Mama weee! Umemtoa nje?"

"Ulimwambia amekufa, Opal."

"Si ulisema hakuna Dwight? Nikafanya kazi nzuri! Dwight, mwanangu, hujakasirika? Nilikulilia kweli, nikasema hapakuwa na kijana kama wewe wa kunitengenezea mashine."

Dwight akacheka. Kicheko cha kweli, cha tumboni, ambacho Verna hakuwa amekisikia tangu kabla ya ajali ya mgodini. "Ulinizika wapi, mama Opal?"

"Juu kule, makaburini kwetu kina Combs! Nikupe nafasi mbaya, wewe? Shuka ule, nina mkate bado wa moto."

Dwight akafungua mlango wa gari. Verna naye akashika kitasa cha upande wake.

"Nilikosea, Dwight," alisema haraka, kabla hajatoka. "Si Opal. Mimi."

"Najua, mama." Hakugeuka. "Wewe tangulia nyumbani."

Akapanda ngazi za baraza. Opal alimkumbatia, akamkung'uta matope ya shati kwa kiganja, akamsukumia ndani. Verna alikaa na injini inanguruma. Alingoja aone kama kuna atakayetoka kumwita naye akale. Kisha, kwa kuwa barabara ilikuwa nyembamba na lori la maziwa lilikuwa limeshafika nyuma yake, akaondoka.