Usisogee Karibu

Kuna watu wanaodhani michezo ya video haiandikwi. Wanadhani inatokea yenyewe, kama vumbi juu ya kabati. Mimi ndiyo kazi yangu: naandika wanachosema watu wasiokuwepo, wanachojibu wakiulizwa, na wanachojibu wakiulizwa mara ya pili na mtu mkaidi. Kwa mchezo mmoja niliandika kurasa elfu moja na mia mbili, miaka minne, hadi kiti changu kikabonyea upande mmoja. Na kwa miezi mitatu mizima hakuna binadamu aliyefika mbali zaidi ya neno la kwanza kabisa, ambalo ni "Hodi."

Nieleze taratibu, maana hasira bado zinanipanda.

Katika mchezo huo wewe ni fundi saa. Umeitwa kwenye nyumba yenye vyumba kumi na viwili, na kila chumba kina saa mbovu pamoja na mwenye saa. Yupo bwana anayesubiri birika lichemke tangu ujanani. Wapo mapacha walionuniana, wanaotumiana barua kupitia kwako ingawa wanalala kitanda kimoja. Nilijitahidi, sisemi kwa majivuno. Humo kuna mistari ambayo nikiisoma nacheka peke yangu mpaka watu wananitazama. Lakini vyumba kumi na moja vya kwanza ni njia tu. Niliviandika ili mtu afike cha kumi na mbili, ambako kuna mwanamke kitandani. Huyo ni mama yangu. Fundi saa anaketi kando yake na kumwambia yale niliyotaka kumwambia mimi siku yake ya mwisho, naye anajibu kwa maneno yake mwenyewe, ambayo nilikuwa nikiyaandika kwenye madaftari kwa kuogopa kuyasahau. Nilitaka watu wakutane naye. Sikutaka kingine. Mambo ya tuzo yalikuwa ya Mkurugenzi.

Mkurugenzi anaongoza watu wawili, mimi na Mkato, kwenye ghorofa ya tatu juu ya duka la mapazia. Mkato ndiye fundi wetu wa kompyuta. Tunamwita hivyo kwa sababu hamalizi sentensi. Anaweka mkato, anaondoka. Chumba chetu cha kurekodia sauti ni kabati la karatasi lililozungushiwa magodoro.

Maneno ya watu wote wa mchezo husomwa kwenye kioo cha kompyuta, isipokuwa ya bibi mmoja, bibi wa mlangoni, ambaye Mkurugenzi alishikilia kwamba lazima asikike. Nilimpa mistari miwili tu. Ukibonyeza kitufe cha hodi, anauliza, "Nani?" Ukibonyeza tena, anasema, "Karibu," na mlango unafunguka. Mwigizaji tuliyemwajiri aliamka siku ya kurekodi, sauti imemkauka kabisa. Mama Mkubwa alikuwa amepita ofisini asubuhi hiyo kuniletea miwani niliyoisahau kwake, na Mkurugenzi alipomsikia akimsalimia mlinzi kule chini, akasema bibi tumempata.

Mama Mkubwa ni dada wa mama yangu. Alikaa miaka thelathini na moja kwenye meza ya mapokezi ya hospitali, na kazi yake ilikuwa kuwaambia watu kwamba saa za kuona wagonjwa zimekwisha. Aliifanya vizuri mno. Mimi mwenyewe alinirudisha. Siku ile ya mama nilifika saa kumi na moja na dakika saba jioni, nikamkuta mezani, akaitazama saa ya ukutani, akasema, "Njoo kesho, mwanangu, sheria ni sheria." Mama alifariki alfajiri. Miaka tisa imepita, tunakula pamoja, tunachekeana, na jambo hilo hatujaligusa. Kwa hiyo Mkurugenzi alipomchagua ningeweza kukataa, na sikukataa. Nilitaka kumsikia akisema "karibu." Sioni haya kulisema.

Tukajibana mle kabatini, yeye na mimi na Mkato na mashine.

"Sema 'Nani?'" nikamwambia.

"Nani?" akasema, na Mkato, mtu asiyeshtuka kwa lolote, akasogeza kiti nyuma.

"Safi. Sasa sema 'Karibu.'"

"Hajajibu ni nani."

"Ni mchezaji tu, Mama Mkubwa. Hana jina."

"Mtu hana jina, halafu nimfungulie?"

"Ni fundi saa. Ameitwa."

"Kaitwa na nani? Fundi gani huyo haji hata na kitambulisho? Mwambie arudi nyuma ya mstari."

"Mstari upi?"

"Uchoreni."

Ikaendelea hivyo saa mbili. Alimuuliza yule mtu asiyekuwepo kwa nini anahema vile, kama nyumbani wanajua aliko, kama amekula. Alimshauri avae sweta. Alimwambia amewahi kuona wengi wa sampuli yake. "Karibu" alikataa kuitamka kila nilipoileta, kama mtoto anayetema dawa chungu. Nikatoka mle nikiwa hoi, nikamwambia Mkato asihangaike, wiki ijayo tutamleta mwigizaji mwingine, nikaenda zangu nyumbani na kichwa kinagonga.

Mkato alisikia hadi "asihangaike." Akaelewa kwamba asihangaike kuchagua. Akakata saa mbili zile vipande mia mbili na kumi na vinne, akavipanga vyote mlangoni, kila kimoja na wakati wake, kazi safi kabisa. Yeye hasomi ninachoandika. Anasema maneno humchanganya. Mkurugenzi naye akautoa mchezo Jumatatu bila kuufungua, kwa sababu, alisema, hapendi kujua mwisho mapema.

Wiki ya kwanza nilisubiri watu walalamike. Badala yake wakaanza kutushukuru. Mwalimu mmoja aliandika kwamba humpitia bibi kila asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza. Kinyozi mmoja aliambiwa na bibi, "Huna haraka yoyote, unajidanganya tu," akafunga duka siku mbili kuyafikiria maisha yake. Dada wawili waliokuwa hawasemezani walipatana kwa sababu bibi aliwauliza kila mmoja habari za mwenzake. Kila mmoja wao alikuwa amepiga hodi mara mia, mara mia nne, mara elfu, na kila mmoja alikuwa bado nje. Kisha msomi fulani akachapisha makala ndefu kuthibitisha kwamba mlango ule haufunguki kwa makusudi, kwamba huo ndio ufundi wa mtunzi, na kwamba nyumba yenyewe haipo.

Nyumba haipo. Nililia chooni, nikanawa uso, nikaenda kwa Mkurugenzi kumwambia turekebishe.

"Turekebishe nini?" akasema. "Tumeteuliwa."

Tulikuwa tumeteuliwa kuwania tuzo ya mchezo wenye hadithi bora kuliko yote. Sheria zao zilikuwa mbili: jaji aucheze mchezo mbele ya waliouandika, na tangu siku ya uteuzi isibadilishwe hata nukta. Aliyebadilisha ametolewa.

"Na jaji asipofungua mlango?" nikauliza.

"Atapenda," akasema Mkurugenzi. "Wote wanapenda."

Jaji alikuja Jumatano asubuhi. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole, aliyetembea na mto wake mwenyewe wa kukalia. Mama Mkubwa naye alikuja, na gauni jipya, kwa kuwa alikuwa amesikia kwamba anajulikana, akaketi bega kwa bega na jaji kana kwamba ndiye aliyemwalika. Mimi nilisimama nyuma nikitafuna kalamu.

Jaji akashika padi ya kuchezea, akabonyeza hodi.

"Nani?" ikauliza spika.

Akabonyeza tena.

"Umekuja peke yako, au wengine wamejificha?"

"Hapo nilikuwa mpole sana," akasema Mama Mkubwa wa kwenye kiti.

Saa nzima ikapita, na nusu nyingine. Jaji akaanza kujibu kwa mdomo, jambo lisilosaidia kitu.

"Bibi, nimetoka mbali," akasema.

"Sote tumetoka mbali," ikajibu spika, kwa bahati tu.

"Hasa," akasema mwenye sauti.

Mkurugenzi alikuwa anatabasamu mpaka fizi. Mimi roho ilikuwa inaniuma. Nilikuwa nafikiria mama yangu kule chumba cha kumi na mbili, ameketi kwenye mito, anamsubiri mtu ambaye ataondoka hapa na cheti cha pongezi bila kumwona. Ilipoingia saa ya tatu ya kucheza, jaji alichoka. Akajinyoosha achukue kikombe chake cha chai, kiwiko kikagusa padi, na fundi saa, bila kupiga hodi, bila salamu, akaanza kutembea moja kwa moja kuelekea mlangoni.

"Usisogee karibu," ikasema spika.

Mlango ukafunguka, pande zote mbili.

Mkato, aliyekuwa dirishani, akatoa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kuzitoa.

"Ni lile neno," akasema. "Niliiambia mashine ikisikia 'karibu' ifungue. Haijui ni karibu ipi."

Lilikuwemo mara moja tu katika vipande vyote, na kipande hicho Mkato alikuwa amekiweka kwa mtu atakayeusogelea mlango bila hodi. Watu elfu sitini walikuwa wamecheza. Walikuwemo wahuni, walikuwemo watu ambao kwenye michezo mingine wanapora benki na kuangusha ndege bila mswalie mtume. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuujongelea mlango wa mtu bila kupiga hodi.

"Jaji mzima," akasema Mama Mkubwa, akamtazama kwa masikitiko.

Lakini jaji alikuwa ameshaingia. Na alisoma, jamani. Kwa bwana wa birika alicheka mpaka akakohoa. Barua za mapacha alizisoma mara mbili. Mkurugenzi akavuta kiti akae naye, akanigeukia na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Haya yote uliandika wewe?" Nikamwonyesha kioo, asome. Jua lilikuwa limehama dirisha la kwanza hadi la tatu tulipofika chumba cha kumi na mbili.

Mchoraji alikuwa amemchora kutoka kwenye picha niliyompa: kitambaa cha kichwa, mkono mmoja juu ya shuka. Juu ya kitanda, saa.

"Nimechelewa," fundi saa anasema.

"Wewe hata kuzaliwa ulichelewa," anajibu mama yangu. "Kaa. Na hilo shati, hakuna pasi huko utokako?"

Mama Mkubwa aliacha kuegemea kiti.

"Huyo ni mdogo wangu," akasema.

Jaji akamtazama, kisha akanitazama mimi, akaweka padi mezani. Mama Mkubwa alikuwa anasoma polepole, midomo ikimcheza, kisha macho yakapanda juu hadi kwenye ile saa na kubaki hapo. Inasema saa kumi na moja na dakika saba. Niliichagua mimi, kwa makusudi, na nakiri nilikuwa na uchungu nilipoichagua.

"Zilikuwa dakika saba," akasema.

"Ndiyo, Mama Mkubwa."

"Nilipanda wodini kumuaga kabla ya kurudi nyumbani. Aliniuliza kama umekuja." Akaikunjua mikono ya gauni lake. "Nikamwambia hujaja."

Miaka tisa nilidhani nimenyimwa dakika chache. Sikujua kwamba mama alilala usiku ule akiamini sikutokea kabisa.

"Kwa nini?" nikauliza.

"Ningemwambia nini? Kwamba alikuja, nikamrudisha?" Akakisogelea kioo mpaka pumzi yake ikaonekana juu yake. "Alikuja," akakiambia. "Alikuja, mdogo wangu. Mimi ndiye niliyemzuia."

Mama yangu pale kitandani hakujibu. Kurasa elfu moja na mia mbili, majibu ya mkaidi na ya mpole, ya mwongo na ya mwenye usingizi, na kwa hilo sikuwa nimemwandikia neno. Mama Mkubwa alisubiri. Kisha akanigeukia, bibi yule aliyewashinda watu elfu sitini.

"Wewe ndiye unayeandika," akasema. "Atanijibu nini?"

Niliwaza majibu ya ukali kwanza, sitadanganya. Yalinijia manne au matano, mazuri sana, na yote yangemuua.

"Atasema alijua," nikamwambia. "Atasema tangu utotoni hujui kudanganya, masikio yanakucheza."

Alijishika sikio.

"Hayo ni maneno yake au yako?"

"Yangu."

Akaliachia sikio. "Yaandike," akasema.

Jaji akajikohoza. Akasema, kwa upole kabisa, kwamba ana wajibu wa kutukumbusha kuwa likiongezwa hata neno moja tumetoka kwenye mashindano. Mkurugenzi akashika kichwa kwa mikono miwili. Nikamwomba Mkato anipishe, nikaketi, nikaandika.