Kofia ya Kijani ya Mzee Qin

Nong Suying alikuwa amepata kazi ya kumenya mboga katika jiko la shule moja ng'ambo ya mto, na kazi yenyewe ilianza alfajiri, kabla basi la kwanza halijapiga hata miayo. Mpishi mkuu alimwambia wazi: Jumatatu ukichelewa, usijisumbue kuja Jumanne. Ndiyo maana Jumamosi alimkokota mumewe, Mzee Qin, hadi dukani kwa Dada Lei kutafuta baiskeli ya umeme. Jiji zima la Nanning linatembelea hizo. Mtu akionekana kwa miguu, watu wanamuuliza kama anaumwa.

Ya kwanza ilikuwa nyekundu, kiti laini kama tofu. Suying alikaa akajipepea, akauliza bei, halafu akashuka polepole kama mtu aliyejikuta ameketi kiti cha bwana harusi.

Ya pili bei yake ilisemeka, ila betri ilikuwa ile ya asidi. Alijaribu kuinyanyua. Betri ikabaki chini, visigino vyake ndivyo vikapanda.

"Dada Lei, hii betri au jiwe la kusagia?"

"Kwenye tambarare inakimbia vizuri sana."

"Na darajani?"

Dada Lei akaitazama dari. "Darajani unaisaidia kidogo kwa miguu."

"Kwa hiyo naibeba mimi. Na ile kule nyuma ya maboksi?"

Dada Lei akakohoa. Ile ya nyuma ilikuwa na betri nyepesi, breki kali, magurudumu mapya, na bei yake haifiki nusu ya ile nyekundu. Ilikuwa imekaa pale tangu mwaka mpya. Ubaya wake ulikuwa mmoja: ilikuwa ya kijani, kijani cha mpunga mchanga, na iliuzwa pamoja na kofia yake ngumu ya rangi hiyo hiyo. Na huku hata mtoto wa chekechea anajua kwamba mwanamume mwenye kofia ya kijani ni yule ambaye mkewe ana mwingine pembeni.

"Wanaume wakiiona wanatoka mbio," alisema Dada Lei. "Wanawake wanaipenda, kisha wanarudi na waume zao, biashara inakufa."

"Betri yake mbovu," Mzee Qin akadakia.

"Umeipima saa ngapi?"

"Kitu kizima hakiuzwi bei hiyo. Itakufia katikati ya daraja, uanze kunililia."

Suying akamtazama masikio. Yalikuwa mekundu. Miaka yote ya ndoa yao, mume huyu akiona aibu alisingizia mashine: redio mbovu, pampu mbovu, sasa betri. Angeweza kuinunua kwa nguvu, lakini hakutaka kuianza kazi mpya huku nyumbani kuna mtu amenuna.

"Basi kaijaribu darajani," alisema kwa upole uliomtisha hata Dada Lei. "Wewe mzito kuliko mimi na gunia la kabichi juu yangu. Ikikushinda tunaondoka, sisemi tena."

Mzee Qin akafurahi, akaishika mikono ya baiskeli.

"Shemeji," Dada Lei akaita, "polisi wako mwanzo wa daraja. Bila kofia hupiti."

Mzee Qin akageuka kutazama rafu. Kofia zilijaa: nyeusi, nyeupe, na moja ya waridi yenye masikio ya sungura.

"Hizo zina wenyewe," alisema Dada Lei bila kupepesa.

"Hata ya sungura?"

"Hiyo hasa."

Ng'ambo ya barabara, wazee waliokuwa wakila tambi za mchele walisimamisha vijiti hewani. Mmoja akapaza sauti: "Mzee Qin! Umeamua kujitangaza mwenyewe?" Wakacheka hadi mchuzi ukamwagika.

Hapo kicheko alichokuwa amekibana Suying kikakauka. Aliona mumewe akiiachia baiskeli, akaiona na Jumatatu ikimponyoka.

"Acha tu," alisema. "Nitatafuta njia nyingine." Na wote wawili walijua hakuna njia nyingine.

Mzee Qin akamtazama. Kisha akaichukua kofia ya kijani, akaivaa, akaifunga kidevuni, akawageukia wale wazee.

"Mnacheka nini? Mke wangu kapata kazi. Wenu wamepata nini?"

Akaondoka.

Suying alisimama mlangoni akilikodolea macho daraja. Katika mto wa kofia nyeusi na nyeupe kulikuwa na nukta moja ya kijani, ikipanda, ikipanda, bila kulegea, hadi ikazama upande wa pili.

Iliporudi, mwenyewe alikuwa amelowa jasho na kifua mbele.

"Vipi betri?"

"Breki ya nyuma inakaza kidogo."

"Nimeuliza betri, mume wangu."

"Nimempita kijana wa kupeleka vyakula," alisema, akijaribu kutotabasamu. Kisha akamgeukia muuzaji. "Dada Lei, punguza bei. Kofia imeshavaliwa."

Dada Lei akalalamika mpaka akachoka, akapunguza. Suying alikuwa ameshatoa simu kulipa.

Jumatatu mpishi mkuu alipofika na funguo, alimkuta Suying getini akimsubiri.