Magunia ya Alama Nyekundu

Benedikta alipopata kazi kwenye ghala la Filbert, nyuma ya soko la Kariakoo, alimshukuru Mungu kwa sauti. Alisomea maabara, akazunguka na vyeti mpaka viatu vikaisha soli. Sasa alikuwa na meza yake na kifaa kipya cha kupima sumukuvu, ile sumu ya ukungu inayokaa kwenye karanga, isiyo na harufu wala ladha, inayokula ini polepole na kudumaza watoto.

Kifaa chenyewe kilikuwa uzi wa kioo mwembamba kama unywele, mwanga ukipita ndani yake. Alisaga karanga, akaziloweka kwenye dawa, akachovya ncha ya uzi. Sumu ikinasa pale kwenye ncha, mwanga ulibadilika na namba ikapanda kwenye kompyuta. Gunia baya alilipaka rangi nyekundu mdomoni.

"Safi sana, Bene," Filbert alimwambia. "Mzigo wa supamaketi haurudishwi tena."

Magunia mabaya aliyaona yakipakiwa kwenye guta, ile baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu. Aliamini yanakwenda kuchomwa.

Jumapili moja alikwenda Buguruni kwa mdogo wake, Stella, aliyekuwa akisaga unga wa lishe na kuwauzia akina mama wa mtaani. Mlangoni, Ignasi, mwana wa Stella, alikuwa akilamba kikombe cha uji. Alikuwa na miaka minne, ila ukimbeba ungesema ana miwili. Nyuma yake gunia la karanga lilikuwa wazi, mdomo wake mwekundu.

"Hili umelitoa wapi?"

"Kuna guta linaleta, dada. Bei ya kutupa!"

Benedikta alimpokonya mtoto kikombe. Ignasi akalia kwa hasira.

Kesho yake alimvaa Filbert mbele ya wapagazi.

"Bosi, unawauzia watu sumu! Gunia letu nimelikuta kwa mdogo wangu!"

Filbert hakupandisha sauti. Alimvutia kiti.

"Zamani nilichanganya magunia yote. Kila mtu alikula kidogo, na matajiri pia. Wewe ndiye uliyenitengea. Sasa inaliwa na wanaotaka rahisi tu."

"Nakwenda kukushtaki."

"Nenda. Rangi imepakwa na mkono wa nani?" Akamtazama, kisha akalainika kama mjomba. "Shida yako ni yule mdogo wako, sivyo? Basi. Kuanzia leo anapata magunia safi, bei ileile. Rudi kazini."

Benedikta alisimama pale. Alimfikiria Ignasi, akafikiria vile viatu vilivyoisha soli. Hakusema ndiyo. Alivaa glovu, akachovya uzi.

Guta liliendelea kupakiwa kila jioni. Yeye aligeuza meza yake, akaanza kufanya kazi akiuelekea ukuta.

Miezi ikapita, Ignasi akaanza kuchangamka. Siku moja Stella alipiga simu, akicheka.

"Dada, suruali zimeanza kumbana! Sasa kuna jirani yangu, Husna. Siku hizi anasaga mwenyewe, ananunua kwa lile guta la zamani. Kitoto chake kimevimba tumbo, macho ya njano. Anauliza, eti hizo karanga zina shida? Nimwambieje?"

Benedikta alikuwa ameshika brashi, rangi ikimdondokea kwenye kiatu.

"Mwambie hazina shida," alisema. "Ampeleke mtoto hospitali."

Akakata simu, akalipaka gunia lililofuata.