Nyumba ya Kiingereza Kitupu

Victoria alimaliza darasa la saba Marangu mwaka 1988, akakosa nafasi ya sekondari ya serikali. Hakuwa mjinga, nafasi zilikuwa chache na watoto wa mlimani ni wengi. Baba yake Remigius, mkulima wa kahawa, akampeleka sekondari mpya iliyojengwa na wazazi wenyewe.

Wiki ya kwanza haikuisha, binti akarudi amenuna.

"Baba, siambulii kitu. Shule ya msingi tulisoma kila somo kwa Kiswahili. Huku ni Kiingereza kitupu."

Remigius akawaza usiku kucha, asubuhi akatangaza: "Kuanzia leo nyumba hii ni Kiingereza tu. Atakayesema lugha nyingine, simsikii."

Kiingereza chake mwenyewe alikiokota ujanani, akiwabebea wazungu mizigo mlimani, na sehemu kubwa kilihusu uchovu.

Nyumba ikanyamaza kama Ijumaa Kuu. Mkewe Dominika akamwita kula kwa Kichagga. Remigius akatazama dari. Machalari yake, ndizi zilizopikwa na nyama, yakaliwa na wengine.

Jumamosi alikuwa chumbani akinyoa ndevu, suruali yake ya kanisani imeanikwa uani. Ng'ombe akakata kamba. Victoria akaja mbio dirishani.

"Baba! Ng'ombe..."

"Inglishi!"

"Fadha! Kau... kau iti..." Akakwama. Anakula, amekula, au alikuwa akila? "Kau iting... noo, kau hazi..."

"Gudi," baba akamtia moyo, wembe shavuni. "Slooli, slooli."

Dominika akapaza sauti toka jikoni: "Baba Viki, ng'ombe anamaliza suruali yako!"

Remigius hakumsikia, sheria ni sheria. Alipotoka, mguu mmoja wa suruali ulikuwa umeshamezwa. Hapo akasema Kichagga kirefu sana, mpaka majirani wakaja kutoa pole.

Kwenye mkutano wa wazazi alikwenda na suruali ya shemeji yake, imeishia juu ya vifundo. Akasimama hivyohivyo.

"Mwalimu Mkuu, miaka saba mnamfundisha mtoto kukamua, halafu siku ya mtihani mnampa jembe. Ni akili gani hiyo?"

Mwalimu Eliufoo akakuna kichwa. "Mzee wangu, utaratibu unatoka juu. Hata mimi, somo langu nalifundisha kwa Kiingereza mkaguzi akiwepo tu. Akishateremka Moshi, ndipo tunaelewana na watoto."

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Na mtihani unakuja kwa lugha gani?" Remigius akauliza.

"Kiingereza."

Kicheko kikakatika. Siku hiyohiyo wakakubaliana watoto wabaki kila jioni wajifunze Kiingereza polepole, toka mwanzo, bila kuchekana. Remigius naye akaanza kupogoa ua wa shule jioni, karibu na dirisha la darasa, mpaka ua ukabaki vijiti.

Kidato cha pili Victoria akafaulu: Kiingereza kwa kuponea chupuchupu, hesabu vizuri sana. Remigius akampelekea Mwalimu Eliufoo mkungu wa ndizi, akaubeba mwenyewe kichwani mchana kweupe, akipita njia ndefu, ili kila aliyekutana naye aulize kuna nini.